Waliolala Nyumbani Kwetu

Swali lilikuwa moja tu, na karani alilirudia mpaka likatuchosha: nani alilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo? Si nani anakaa hapa, si nani alizaliwa hapa, wala si nani mwenye shamba. Aliyelala. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi ya baraza la Makambako tukifundishwa kuhesabu watu, baadhi yetu wanafunzi wa sekondari tulio likizo, wengine walimu wa shule za misheni, na ukungu wa mwezi wa nane ulikuwa unaingia mlangoni bila hodi. Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa. Wa mbele huulizwa, na mimi nikiulizwa mbele za watu ulimi unakuwa mzito, hata jina la baba yangu nalitoa vipande vipande.

Mwalimu mmoja aliuliza habari za mtoto atakayezaliwa alfajiri. Mwingine akauliza habari za mzee atakayekata roho kabla ya jogoo kuwika, kama naye amelala au hakulala. Karani alifungua maelekezo yake, akasoma kimoyomoyo, akafunga, akasema tukimkuta mzee huyo tuwape wafiwa pole kwanza. Watu walicheka. Mimi nami nilikuwa na swali, nikalibana mpaka kikao kikaisha tukaanza kugawiwa mikoba. Swali langu lilikuwa hili: mwanamume yuko Tanga kwenye mkonge, mkewe anasema alilala nyumbani, na mke huyo ni mama yako. Unaandika nini?

Sikuuliza. Nikavaa mkoba wangu begani nikaondoka, na nakiri kwamba njiani niliugeuzageuza ili nembo ya serikali ionekane kwa watu ninaopishana nao.

Kwetu mtu aliye safarini hasemwi kwamba hayupo. Asiyekuwepo ni marehemu. Ukifika kwenye nyumba ukamuulizia mwenyewe aliyekwenda mbali, mkewe atakuambia ametoka kidogo, au yuko bondeni, au amejilaza, hata kama kidogo hicho kina miaka. Mama yangu alikuwa hivyo. Kila jioni alipopakua ugali, kipande cha kwanza kilikuwa cha baba. Anakiweka kando, anakifunika, na asubuhi mimi na wadogo zangu tunakila kikiwa kigumu na baridi. Sitaki kusema uongo: nilikipenda kile kipande kuliko chakula chenyewe cha jioni, na kuna siku niliwaza kwamba baba akirudi tutakikosa.

Baba aliondoka na lori la manamba, wale vibarua wa mkonge, pale njia panda ya Makambako nilipokuwa darasa la sita, akasema ni mkataba mmoja tu. Mkataba ukaisha. Barua zikaja kidogo, kisha zikakatika. Mtu mmoja wa kijiji cha Yakobi aliyerudi kutoka huko akasema alimwona Korogwe, amenenepa. Mwingine akasema amevuka mpaka kwenda Mombasa, anafanya kazi bandarini. Wa tatu akasema alisikia kwamba alipata homa akafia hospitali, akazikwa na wenzake wa kambini. Kila mmoja aliapa. Mimi nilikuwa namwamini yule aliyesema mwisho, mpaka mwingine aje.

Baba mdogo, mdogo wake baba kwa tumbo moja, alimwamini yule wa tatu na hakutaka kumsikia mwingine. Sisemi kwamba alifurahi. Alikuwa na watoto wengi na bonde lake lilikuwa limekauka tangu miti ya miwati ilipopandwa upande wa juu. Sisi tulikuwa na vinyungu, yaani matuta ya bondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi, ambapo maji hayakauki, na mama alikuwa anapata humo mahindi mabichi na maharage wakati kwa wengine ni vumbi. Ada yetu inasema mume akifa, ndugu yake humchukua mjane pamoja na shamba. Mjane akikataa, anarudi kwao na mikono yake miwili. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa kama baba yuko hai au amekufa, na hilo hakuna mtu wa Makambako wala wa Njombe aliyeweza kulijibu.

Ndipo serikali ikaja na hesabu yake.

Kabla ya hapo nilidhani hesabu ni jambo la kujumlisha. Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa jumbe wetu kueleza, tarishi akimtafsiria kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alisema zamani kila mtwa, yaani chifu, alikuwa na watu wake na baraza lake, lakini sasa kutakuwa na halmashauri moja ya wilaya nzima, na ili kujua kila upande upeleke wajumbe wangapi, lazima watu wajulikane idadi yao. Wilaya nzima, akasema, kuanzia Manda ziwani mpaka hapa. Watu walitazamana. Mzee mmoja aliuliza kama mtu wa Manda anayekula samaki kila siku atakuja kumwamulia yeye mambo ya ng'ombe. Bwana Shauri akajibu kwamba na yeye mzee ataweza kumwamulia mtu wa Manda mambo ya samaki. Mzee akasema yeye samaki hawajui. Tarishi hakuitafsiri hiyo.

Bwana Shauri alipoondoka, jumbe alisimama akatuambia tuwe wengi. Alisema tukiwa wengi tutapata zahanati, wagonjwa wetu hawatabebwa tena kwa machela mpaka misheni. Nyuma yangu wanawake walinong'ona kwamba tukiwa wengi tutalipa kodi ya wengi. Mzee wa kanisa akasema Daudi aliwahesabu Waisraeli na tauni ikaja. Kwa hiyo tulitakiwa kuwa wengi, na tulitakiwa kuwa wachache, na tulitakiwa tusihesabiwe kabisa, na mimi ndiye niliyevaa mkoba.

Baba mdogo ndiye aliyeinua mkono mwishoni. Aliuliza kwa adabu sana, kofia mkononi, nyumba ambayo haina mwanamume itaandikwaje. Karani alijibu kwamba mkubwa wa nyumba ni yule atakayetajwa na wenye nyumba, lakini lazima awe amelala humo usiku huo. Akaongeza kwamba karatasi hizi ni siri, zitakwenda Dar es Salaam, wala hazina uhusiano na mashamba ya mtu. Sehemu hiyo ya pili nadhani niliisikia peke yangu. Wengine wote walisikia kwamba serikali itaandika nani mkubwa wa kila nyumba.

Tulipokuwa tunarudi, baba mdogo alitembea sambamba na mama. Alimwuliza habari za vinyungu, akazisifu. Kisha akasema kwa sauti ya upole:

"Shemeji, jioni ile kabla ya kuhesabiwa nitakuja kulala kwenu. Nyumba ya kaka isije ikaonekana haina mtu."

Mama alijibu, "Karibu, shemeji. Ni kwenu."

Nilishangaa. Hata mimi, pamoja na ugumu wangu wa kuelewa, niliona mtego. Atalala, atahesabiwa, atajitaja kuwa mkubwa wa nyumba, na asubuhi atatembea kwa jumbe akisema serikali imeshaamua. Na kwa sheria ya karani angekuwa amesema kweli. Baba hakulala, yeye amelala. Lakini kumwambia shemeji asilale nyumbani kwa kaka yake haiwezekani, ni kama kumfukuza baba mwenyewe. Nilitegemea mama atafanya jambo. Hakufanya. Alifika, akachukua jembe, akashuka bondeni.

Siku ile ya kuamkia hesabu aliniamsha mapema akanituma kwao, kijiji cha ng'ambo ya mlima, nikamlete bibi, mama yake mzazi. Nimwambie nini, niliuliza. Niseme anaitwa na mwanawe. Nilidhani mama anataka kuaga. Nilidhani ameamua kukubali yaishe, na bibi anakuja kumsindikiza arudi kwao, na nilitembea njia nzima nikigawanya watoto kichwani: huyu atakwenda na mama, huyu atabaki kwa baba mdogo, mimi nitarudi shuleni na sitakuwa na pa kurudi likizo.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Aliutazama mkoba wangu, maana nilikuwa nimeuvaa tena bila sababu.

"Kamwene, mume wangu," alinisalimu kwa Kibena. "Leo umekuja kuniposa na mfuko?"

Bibi hunitania hivyo tangu utoto, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume waume, na mimi huwa sijui niweke wapi uso. Nilimpa ujumbe. Nikamweleza na habari za baba mdogo, kwa sababu nilifikiri ni haki ajue anakokwenda. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavaa shuka lake la pili, akachukua fimbo, akasema twende, jua lisitupite.

Alitembea polepole. Kwenye mteremko nilimshika mkono. Nilimwuliza kwa nini mama amemwita, akasema yeye ni mzee, anapenda joto la moto wa mwanawe, basi. Kisha akaanza kusema juu ya mbuzi wake aliyezaa pacha. Nilikasirika kidogo. Mambo makubwa yalikuwa yanatokea na watu wazima walikuwa wanazungumza mbuzi.

Tulifika jua likiwa limeegemea. Mama alimpa bibi kiti karibu na moto, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia mlangoni lazima amwone uso kwa uso. Akampa togwa ya moto. Wakazungumza Kibena cha kasi, cha kwao, nikakosa maneno mengine. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni baba mdogo alipofika, amebeba mkeka wake na blanketi, amevaa koti. Alipiga hodi kwa furaha. Mama akamkaribisha.

Aliinama kuingia, akainua uso, na bibi alikuwa palepale.

Lazima nieleze, kwa sababu shuleni kuna wenzangu wa pwani ambao hawaelewi hata nikieleza. Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hapiti njia aliyopita, wakikutana anatoka barabarani akaingia majanini. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini huyo ni mume. Ndugu wa mume humheshimu tu, anamsalimu kwa mbali, anakaa, anakula. Hana haja ya kukimbia. Baba mdogo alikuwa ameshakula mbele ya bibi mara nyingi, kwenye msiba, kwenye ubatizo wa wadogo zangu, na bibi humtania juu ya pua yake.

Jioni ile alikimbia. Sidhani kama alipanga. Nilimwona uso: miguu ilimtoa kabla kichwa hakijaamua. Mkeka ulianguka mlangoni. Nadhani kwa muda mrefu, moyoni mwake, alikuwa ameshajifanya mume wa nyumba ile, na alipomwona bibi ameketi alimwona mkwe, na mwili ukafanya unavyofundishwa kumfanyia mkwe. Alisimama uani na mgongo wake kwetu. Mama alitoka akamwuliza mbona haingii, chakula kiko tayari. Akasema amekumbuka ng'ombe. Mama akasema ng'ombe wana watoto wa kuwachunga. Akasema hapana, ni ng'ombe mgonjwa. Na akaondoka kwenye ukungu, amesahau mkeka wake.

Mama alirudi ndani. Bibi alikuwa anakunywa togwa. Hakuna aliyecheka. Mama alipakua ugali, kipande cha kwanza akakiweka kando, tukala.

Asubuhi nilihesabu kijiji. Nilianzia mbali ili nyumba yetu iwe ya mwisho. Mbwa walinibwekea, wasichana wa nyumba ya mkunga waliniita karani mdogo wakaniuliza kama kwenye karatasi kuna mahali pa kuandika mzuri na mbaya. Nilitoka jasho pamoja na baridi ile. Lakini kilichonichanganya ni jambo jingine.

"Nani alilala hapa?" namwuliza mama wa nyumba ya kwanza.

Ananitajia watoto, anamtaja mkwewe, anamtaja mumewe.

"Alilala hapa jana?"

"Alilala."

"Yuko wapi nimwone?"

"Tanga."

Na alinitazama bila aibu yoyote, kama mimi ndiye ninayesema mambo yasiyo na maana. Nyumba ya pili vilevile. Wa nyumba ya tatu alikuwa kwenye miwati huko Njombe, wa nne alikuwa kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia, na wote walikuwa wamelala nyumbani vizuri. Nilielewa wanachofanya. Mimi mwenyewe nimekua ndani ya maneno hayo. Lakini kalamu ilikuwa mkononi na karani alikuwa ameniapisha, kwa hiyo niliwaacha waume wale bila kuwaandika, nikiikinga karatasi kwa mkono ili wanawake wasione, ingawa wengi wao hawakujua kusoma. Na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyopotea. Nilikuwa nimeishi katika kijiji kile miaka yangu yote nikiamini kina wanaume. Niliwasikia wakitajwa kila siku, wakitengewa chakula, wakitumiwa kuwatishia watoto. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na wazee, wavulana, jumbe, mwinjilisti, baba mdogo, na wanawake, wanawake, wanawake. Jumbe alitaka tuwe wengi.

Nilifika kwetu mchana. Bibi alikuwa anaota jua. Nikakaa kwenye kigogo, nikatoa karatasi, nikamwuliza mama, kama nilivyowauliza wengine, nani alilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo. Sauti yangu ilitoka ya serikali na nikajichukia.

Mama alijibu, "Baba yako."

Sikuandika. Nikamwuliza na nani mwingine. Akawataja wadogo zangu, bibi, mimi, yeye mwenyewe mwisho.

"Mkubwa wa nyumba?"

"Nimeshakutajia."

"Mama, lazima awe amelala."

"Alilala." Alikuwa anatazama kalamu, siyo mimi. Mama alijua kusoma, alifundishwa misheni. "Au wewe umeambiwa habari ambayo sisi hatujaambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Ndiyo shida yenyewe. Kama ningeandika jina lake ningekuwa nimeapa uongo, na kama nisingeandika, mbele ya macho yake, ningekuwa kama nimechimba kaburi. Kumwandika mama kuwa mkubwa wa nyumba ilikuwa kumwita mjane. Nilikaa na kalamu hewani mpaka bibi akachoka.

"Mume wangu," alisema, "hao wa Dar es Salaam wanataka mtu mkubwa? Niandike mimi. Katika nyumba hii nani amezaliwa kabla yangu?"

Nikaandika bibi. Mama aliinuka akaenda bondeni bila kusoma nilichoandika, na jioni hiyo bibi akarudi kwake ng'ambo ya mlima, kwa sababu mbuzi wake walikuwa peke yao. Hivi ndivyo serikali ya Tanganyika inavyojua kwamba mkubwa wa nyumba yetu ni bibi kizee mgeni aliyekaa siku moja.

Baba mdogo hakukata tamaa. Siku chache baadaye alilipeleka shauri kwa jumbe. Wazee waliketi, mama aliketi upande wa wanawake, na mimi nilisimama nyuma ya nguzo. Alieleza vizuri, hakumtukana mtu. Alisema kaka yake ni marehemu, habari imeletwa, watoto wanahitaji mzazi na shamba linahitaji mwenyewe, na kama kuna mwenye shaka, serikali imehesabu, aulizwe mtoto huyu aliyehesabu kama alimwandika kaka yake.

Wote wakageuka. Jumbe akanitaka nisogee. Nilisogea. Nikafungua mdomo, na baada ya muda mrefu neno pekee lililotoka lilikuwa kwamba niliapa. Watu walicheka, lakini siyo kwa ubaya. Jumbe akasema mtoto ameapa, mwacheni. Halafu akamgeukia baba mdogo, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Nimesikia ulisema utalala pale ili nyumba isiwe tupu. Ulilala?"

Baba mdogo akasema hakulala.

"Kwa nini?"

Akasema, "Mkwe alikuwepo."

"Mkwe wa nani?"

Hapo wazee walianza kuinamisha vichwa, na mmoja akakohoa kuficha kicheko. Baba mdogo akasema mkwe wa kaka. Jumbe akamwuliza yeye anamkimbiaje mkwe wa kaka, wakati msibani alikula naye sahani jirani. Kama anamkimbia, basi amejifanya mume. Na kama ni mume, alimzika lini mwenye mke? Nani alilia, nani alinyolewa, matanga yalikaa wapi, mbona jumbe hakualikwa? Baba mdogo alizungusha kofia yake mikononi. Hakuwa amefanya matanga, kwa sababu kumfanyia matanga mtu ambaye huenda yuko hai ni kumwua, na hata yeye, pamoja na yule shahidi wake wa tatu, hakuthubutu hilo.

Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemchukia wiki nzima, na pale nikaona kwamba naye alikuwa hajui, kama sisi.

Jumbe akaamua vinyungu vibaki kwa mama, kwa kuwa mumewe yu hai mpaka ijulikane vingine. Halafu akamwambia mama asifurahi upesi. Kama mumewe yu hai, ni mtu wa jumbe huyu na wa halmashauri hii, na msimu wa kodi ukifika, tarishi hatapokea habari kwamba ametoka kidogo.

Mama alisimama. "Atalipa," alisema.

Wanawake waliitikia kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa najaribu kufikiri. Tumeshinda, kwa hiyo baba yu hai. Baba yu hai, kwa hiyo mama atalima vinyungu ili alipe kodi ya baba, ili vinyungu vibaki. Na siku ikija habari ya kweli kwamba amekufa, mama hataweza kuipokea. Hataweza hata kulia uani, maana kilio kitasikika kwa baba mdogo. Niligeuza jambo hili kila upande na sikuona mahali pa kulishikia.

Mchana ule tulishuka bondeni pamoja, mama na mimi, kufungulia maji. Baba mdogo alipita njia ya juu akisindikizwa na watoto wake. Akasimama. Alimsalimu mama kwa heshima, salamu ya mke wa kaka mkubwa, na mama akamjibu kwa heshima, akamwambia atume mtoto aje achukue maharage mabichi. Na mkeka wake. Akasema atatuma.

Tulilima. Baadaye mama akaniuliza niliandika nini siku ile. Nilikuwa nimeapa, lakini kushika kiapo mbele ya jumbe ilikuwa rahisi kuliko mbele ya mama. Nikamwambia mkubwa wa nyumba ni bibi.

Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea jembe, akasema mama yake akisikia ataanza kututoza kodi yeye. Sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu lori lile. Kisha akakwatua kidogo, akasimama tena.

"Kwa hiyo baba yako hakuhesabiwa."

"Hapa hakuhesabiwa," nilisema. "Lakini walihesabu nchi nzima usiku mmoja. Kama yupo, amehesabiwa huko alikolala."

Nilisema hivyo ili kumpa moyo. Nilijivunia hata, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza maelekezo ya karani yalinisaidia kusema jambo jema. Mama alitazama maji yakiingia kwenye tuta. Alitazama kwa muda mrefu hata yakajaa na kuanza kumwagikia la pili, na hakuyaziba.

"Huko alikolala," aliuliza, "nani alimtaja?"

Nikachukua jembe nikayaziba maji.